Wasomaji Wauliza: Je, Mwanangu Amegundua Mdudu-Kibibi Asiyejulikana?

SWALI: Kwako mwandishi wa safu, salamu nyingi kutoka Uthiru. Tangu mvua za vuli zilipoanza, mwanangu wa miaka kumi na mmoja amekuwa akikagua sukuma wiki zetu zilizo nyuma ya nyumba, kwa sababu vidukari walikuwa wametushinda. Jumamosi iliyopita aliniletea ndani ya mkebe mdudu-kibibi mweusi anayeng'aa, mwenye madoa mawili mekundu, moja kila upande. Kitabu chake cha shule kina picha ya mdudu-kibibi mwekundu mwenye madoa meusi, basi. Tangu siku hiyo hanipi nafasi: anasema amegundua aina mpya na anataka ipewe jina la nyanyake. Kilichonichanganya zaidi ni kwamba siku mbili baadaye tulimwona mweusi kama yule amempanda mwingine wa rangi ya chungwa aliyejaa madoa madogo. Mtu hujuaje kwamba amegundua aina mpya, na ni nani hutoa jina? – Mama wa mtoto mdadisi, Uthiru

JIBU: Mama, salamu zako zimefika, na tafadhali mfikishie kijana zangu. Ameuliza swali ambalo wataalamu wa wadudu huamka nalo kila asubuhi, na kwa bahati njema ushahidi mzuri kuliko wote mmekwisha kuuona kwa macho yenu, pale mlipomkuta mweusi amempanda wa chungwa. Wadudu wawili wasiofanana kwa rangi wanapopandana juu ya jani moja, jambo la kwanza la kushuku ni kwamba hao si spishi mbili, bali ni spishi moja yenye mavazi zaidi ya moja. Kupandana peke yake hakumalizi hoja, kwa maana wadudu nao hukosea wenza, lakini ni dalili ambayo mtu makini haipuuzi.

Kwa maelezo yako ninayemshuku ni Harmonia axyridis, mdudu-kibibi mwenye asili ya Asia ya mashariki, aliyepewa jina na Peter Simon Pallas mwaka 1773. Alipelekwa Ulaya na Marekani ili ale vidukari mashambani, akaponyoka na kuenea, na taarifa ya kupatikana kwake Kenya ilichapishwa mwaka 2011. Mdudu huyu ana sura nyingi mno: yuko wa chungwa mwenye madoa kumi na tisa, yuko wa chungwa asiye na doa hata moja, yuko mweusi mwenye madoa manne mekundu, na yuko mweusi mwenye mawili, kama wenu. Mwaka 2018 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba tofauti hizo kubwa za rangi zinatawaliwa na jeni moja tu, iitwayo pannier. Mpeni kijana kioo cha kukuzia amtazame mdudu wake kwa utulivu. Akiwa na urefu wa milimita 5 hadi 8, miguu ya rangi ya kahawia, weupe pande zote mbili za ile ngao iliyoko nyuma ya kichwa, na mkunjo mdogo unaokatiza mabawa karibu kabisa na mkia, basi mgeni huyo ndiye mliyempata. Najua habari hii itamvunja moyo kidogo. Mwambie, hata hivyo, kwamba kumwandikisha mgeni huyu mahali alipoonekana ni kazi yenye thamani, kwa sababu hula mayai na mabuu ya wadudu-kibibi wenyeji pamoja na vidukari, na hatuwezi kujua amefika wapi ila watu wa mitaani wamtazame na kuandika.

Wala asione haya kwa kudanganywa na madoa. Carl Linnaeus wa Uswidi, ambaye kitabu chake cha mwaka 1758 ndicho kinachohesabiwa kuwa mwanzo wa majina ya kisayansi ya wanyama tunayoyatumia leo, alimwita mdudu-kibibi mmoja mwekundu mwenye madoa mawili meusi Coccinella bipunctata, kisha akamchukua mweusi mwenye madoa sita mekundu akampa jina lake peke yake, Coccinella sexpustulata, kana kwamba ni kiumbe kingine. Leo wote wawili wanajulikana kuwa spishi moja, Adalia bipunctata.

Kama rangi haitoshi, upya unapimwa kwa nini? Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ningependa kukaa nayo kidogo. Mtu haanzi kwa kuuliza kama mdudu ni mpya. Huanza kwa kuuliza ni wa ukoo gani. Familia ya wadudu-kibibi hutambulikana kwa mwili uliovimba kama nusu ya dengu, vipapasio vifupi vilivyonenepa nchani, na nyayo ambazo ukizitazama huonekana zina pingili tatu ingawa kwa kweli ni nne, ile ya tatu ikiwa ndogo na imejificha. Kiungo cha mwisho cha vile vidole vidogo vya mdomoni huwa kimepanuka kama ubapa wa shoka, na Mfaransa Étienne Mulsant, aliyeandika kitabu kikubwa cha wadudu hawa wa dunia nzima mwaka 1850, aliwaita kwa sifa hiyohiyo. Kutoka familia unashuka hadi kabila, kutoka kabila hadi jenasi, yaani kundi la spishi zilizo jamaa wa karibu, kila mara ukilinganisha mdudu wako na maandishi na vielelezo vilivyohifadhiwa. Duniani zimekwisha kuelezwa spishi zipatazo 6,000. Mtu husema "huyu ni mpya" baada tu ya kuwapitia wote wanaofanana naye katika jenasi yake, mmoja baada ya mwingine, na kukuta kwamba hakuna anayelingana naye. Ndiyo maana ugunduzi wenyewe mara nyingi hutokea mezani, miaka mingi baada ya mdudu kukamatwa.

Nieleze jinsi inavyokuwa pale mezani. Wadudu-kibibi wengi hutofautishwa kwa hakika kwa viungo vya uzazi vya dume, ambavyo viko ndani ya tumbo. Unamchukua mdudu aliyekauka, unamlainisha kwa maji ya moto, unalitenga tumbo lake kwa sindano mbili nyembamba na kuliweka katika maji ya potasiamu haidroksidi mpaka nyama ilainike na kuondoka, na sehemu ngumu tu zibaki. Kisha unalihamishia ndani ya tone la gliserini chini ya hadubini. Mara ya kwanza niliporuhusiwa kufanya hivyo mikono ilitetemeka, maana mdudu mzima hakuzidi milimita mbili na mwalimu wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilivuta kidogo, na ukatokea mrija mwembamba wa rangi ya asali, uliopinda kama ndoana ya kuvulia, mrefu kuliko nilivyodhani tumbo lile lingeweza kuuficha. Mwalimu aliniambia nitazame ncha yake tu. Wadudu wawili ambao kwa nje nisingeweza kuwatenganisha, hata kwa nywele za mgongoni, walikuwa na ncha mbili tofauti kabisa: moja imechongoka, nyingine imepanuka kama kijiko. Tangu siku ile sijaamini tena picha ya mgongo wa mdudu peke yake.

Hili linanifikisha kwenye jambo ambalo ningependa kijana wako alijue mapema. Wadudu-kibibi ambao bado hawajapewa majina, kwa sehemu kubwa, si wale wazuri wenye madoa. Hao wazuri walikamatwa zamani na kila msafiri aliyekuwa na wavu. Waliobaki ni wadogo wa milimita moja au mbili, weusi au wa kahawia, wenye manyoya mafupi, wanaoishi juu ya magome, chini ya majani yenye utitiri, na kwenye miti ambayo tunapita chini yake tukienda kazini. Nchini Japani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyushu walimkuta mmoja wa namna hiyo kwenye msonobari uliomo katika uwanja wa chuo chao wenyewe, wakamwita Parastethorus pinicola, yaani mkaazi wa msonobari. Katika kazi hiyohiyo, iliyotoka mwaka 2025, walieleza pia spishi nyingine wakaiita Stethorus takakoae, jina linalomuenzi nyanyake mmoja wa watafiti. Kwa hiyo ombi la mwanao si la kitoto hata kidogo. Na kuna upande wa pili wa kazi ile ambao haukushangiliwa sana: walionyesha kwamba mdudu mmoja aliyedhaniwa kwa miaka mingi kuwa wa Japani peke yake ni yuleyule aliyekwisha kupewa jina kutoka nchi za kusini zaidi, na jina la Kijapani likaondoka. Mimi huhesabu kuondoa jina la ziada kuwa kazi sawa na kuongeza jipya.

Kuhusu nani hutoa jina: hutoa yule anayechapisha maelezo. Hakuna kamati inayoombwa ruhusa. Ila kuna Kanuni za Kimataifa za Majina ya Kisayansi ya Wanyama, ambazo toleo lake la nne lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2000, na jina lisilozifuata halihesabiki. Jina lazima liandikwe kwa herufi za Kilatini na liwe na sehemu mbili, ya jenasi na ya spishi. Maelezo yataje sifa zinazomtofautisha mdudu huyo na jamaa zake. Na mdudu mmoja mahususi ateuliwe kuwa holotaipu, yaani kielelezo ambacho jina limefungwa kwake daima. Kwa desturi holotaipu hubandikwa lebo nyekundu ili mkono wa mtu uogope. Ikitokea ubishi miaka mia moja baadaye, watu hawarudi kwa mwandishi, ambaye atakuwa kaburini, bali humrudia mdudu yule. Jina lililotangulia kuchapishwa ndilo hushinda, hata kama la pili ni tamu zaidi. Anayeitwa kwa heshima ya mwanamke mmoja huongezewa mwisho wa -ae, na wa mwanamume -i. Kujipa jina lako mwenyewe hakujakatazwa na kanuni, lakini ni utovu wa adabu, na sijaona mtu anayeheshimika akifanya hivyo.

Basi kijana aanze na lebo. Mdudu asiye na lebo ni pambo tu, awe mpya namna gani. Kwenye kikaratasi aandike kwa wino usiofutika: Kenya, Uthiru, kimo cha mahali hapo kutoka usawa wa bahari, tarehe kamili, mmea aliokuwa juu yake, alichokuwa akila, na jina la aliyemkamata. Atandike kitambaa cheupe chini ya tawi na kulipiga tawi kwa fimbo mara tatu, kisha atazame vile vidogo vinavyotembea polepole, asiharakie vikubwa. Likizo ikifika, mpeleke Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill akaone jinsi wadudu wanavyohifadhiwa. Ajue pia kwamba bustani ya nyumbani ni yake, ila kukusanya wadudu katika msitu uliohifadhiwa kama Karura kunahitaji kibali, na kuwapeleka wadudu nje ya nchi kunahitaji kibali kingine. Vielelezo vya asili vya mbawakawa wengi waliochukuliwa Kenya enzi za ukoloni vimo katika makumbusho ya Ulaya mpaka leo, na mtafiti wa hapa anayetaka kulinganisha mdudu wa Ngong na holotaipu yake hulazimika kuomba picha au kusafiri. Ningefurahi sana kuona holotaipu ijayo kutoka Uthiru ikilala Nairobi.

SWALI: Ni kweli kwamba madoa ya mdudu-kibibi huonyesha miaka yake? Rafiki zangu wanabishana. – Mwanafunzi wa darasa la sita, Umoja

JIBU: Si kweli, mwanangu. Wengi wao hawaishi hata miaka miwili, na madoa hayaongezeki na umri. Anapotoka tu kwenye ganda lake la bundo huwa laini, wa manjano iliyofifia na bila madoa. Baada ya saa chache mabawa hukauka, rangi hukolea na madoa hujitokeza yote, nayo hubaki vilevile. Ukimkuta huyo wa manjano asubuhi karibu na ganda tupu, usiandike kwamba ni spishi nyingine. Keti hapo mpaka mchana.

SWALI: Mheshimiwa mwandishi, nasoma biolojia katika chuo kikuu na ninaishi Kasarani. Siku hizi mashine husoma DNA kwa gharama inayozidi kushuka. Kwa nini basi wataalamu wa wadudu-kibibi waendelee kupasua matumbo na kuchora ndoana, badala ya kupima kipande cha DNA na kumaliza kazi? – Mwanafunzi, Kasarani

JIBU: Ndugu yangu, sina ugomvi na DNA, na hapo ulipo uko jirani na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, ambapo kazi za namna hiyo hufanywa. Njia unayoitaja ilipata nguvu mwaka 2003 wakati Paul Hebert na wenzake wa Kanada walipopendekeza kwamba kipande kimoja cha jeni ya COI, chenye urefu wa herufi 658 hivi, kitumike kuwatambua wanyama. Kwa wadudu-kibibi faida yake ni kubwa hasa katika mambo mawili ambayo hadubini huyaweza kwa shida: kumuunganisha buu na mzazi wake, kwa sababu buu na mkubwa hawafanani hata chembe, na kumuunganisha jike na dume pale ambapo sifa zote tunazozitegemea ziko kwa dume.

Lakini kipande hicho hukaa katika mitokondria, visehemu vya seli vyenye DNA yao wenyewe, nayo hurithiwa kwa mama peke yake, na hapa wadudu-kibibi wana tatizo lao la pekee. Baadhi yao, Adalia bipunctata akiwa mfano uliochunguzwa sana, hubeba bakteria wanaopita kutoka kwa mama kwenda kwa mayai na kuua watoto wa kiume, wakiwemo Wolbachia, Rickettsia na Spiroplasma. Bakteria wa aina hiyo wakienea katika kundi, husafiri pamoja na mitokondria ya yule mama waliyeanzia kwake, na matokeo yake ni kwamba ndugu wa spishi moja wanaweza kuonekana mbalimbali katika mitokondria kuliko walivyo. Mtu akitegemea kipande hicho peke yake anaweza kutangaza spishi ambayo haipo. Ndiyo maana wenye hekima husoma jeni kadhaa za kiini cha seli pia, kisha hurudi kwenye ncha ya ndoana waone kama zinakubaliana.

Kuna sababu nyingine ambayo mimi naiona nzito zaidi. Jina limefungwa kwa mwili wa holotaipu, na holotaipu nyingi zilikamatwa zamani, zikachomwa pini, na mtunzaji hawezi kukuruhusu umng'oe mguu mdudu wa pekee duniani ili uusage. Ukiwa na herufi 658 bila umbo la kulinganisha na mdudu yule, umepata kundi lisilo na jina, na huwezi kujua kama Mulsant alikwisha kulitaja mwaka 1850. Kwa upande wa ukoo mkubwa, kinyume chake, DNA imetufundisha mengi. Zamani vitabu vilizigawa jamaa za wadudu-kibibi katika nusufamilia sita au zaidi kwa kutazama umbo. Mwaka 2007 Adam Ślipiński alizipunguza zikawa mbili, Microweiseinae walio wadogo sana na Coccinellinae walio wengine wote, na mwaka 2021 uchunguzi wa jeni nyingi ukaongeza ya tatu, Monocoryninae. Ukiwa maktaba, basi, tazama mwaka wa kitabu kabla ya kunakili mgawanyo wake.

Jifunze kupasua, ndugu yangu. Wanaojua kusoma DNA watakuwa wengi katika darasa lako. Wanaoweza kuketi na jenasi ya Scymnus kutoka Afrika Mashariki na kusema hii ni nini, nakuhakikishia utawahesabu kwa vidole.

SWALI: Mwandishi, mnatuambia mdudu-kibibi ni rafiki ya mkulima. Kwangu Dagoretti wanakula managu mpaka majani yanabaki kama chandarua. Niwaache kwa urafiki gani? – Mkulima, Dagoretti

JIBU: Mzee, una haki ya kulalamika, na hao wako hawaingii katika urafiki ule. Ndani ya familia hii kuna kabila la Epilachnini ambao hawali vidukari. Hula majani, hasa ya jamii ya managu na viazi, na wengine ya maboga au nafaka. Mabuu yao hukwangua upande wa chini wa jani na kuacha ngozi nyembamba ya juu, ndiyo hiyo chandarua unayoiona. Katika kabila hilo majina yamehama sana miaka ya karibuni, hivi kwamba mla nafaka ambaye vitabu vya zamani vinamwita Epilachna similis siku hizi utamkuta chini ya jenasi ya Chnootriba, kwa hiyo usidhani afisa wa kilimo anakutajia mdudu mwingine.

Kuwatofautisha hakuhitaji hadubini. Ligeukie jua ukiwa na mdudu kidoleni: mla vidukari kwa kawaida hung'aa kama kiatu kilichopakwa rangi, na mla majani hufifia kwa sababu ya manyoya mafupi yaliyomfunika mwili mzima. Mabuu ni rahisi zaidi, maana ya mla majani ni ya manjano, yamejaa miiba yenye matawi kama vichaka, tena hayakimbii, ilhali buu la mla vidukari ni jeusi au la kijivu, refu kama mamba mdogo, na hutembea kwa haraka likitafuta windo. Geuza majani asubuhi, ponda mabuu ya miiba pamoja na mayai yaliyo karibu nayo, na yale marefu ya kijivu uyaache yaendelee na kazi kwenye sukuma wiki za jirani yako.